Injini Ikitetemeka, Kabureta Isihukumiwe Kwanza

Gari la zamani likisimama sokoni Singida huku injini yake ikitetemeka kama mgonjwa wa homa, hukumu hutolewa papo hapo: kabureta! Bisibisi hutoka mfukoni, skurubu hukazwa na kulegezwa, injini huongezwa mwendo ili isizimike, na mwenye gari hulipa akaenda zake. Baada ya siku tatu hurudi pale pale.

Mwandishi wa makala hii ameyaonja hayo. Land Rover kuukuu tuliyokuwa tukichukulia magunia ya alizeti na vitunguu ilikosa sailensi majuma matatu. Karakana moja ilizungusha skurubu za kabureta mara tatu, na mara tatu tulilipa. Kumbe kabureta haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa mahali pa hatari zaidi, kama itakavyoonekana.

Kwanza yatupasa kufahamu kwa nini ugonjwa huu huonekana gari likiwa limesimama. Injini isiyokanyagiwa mafuta hupokea hewa kidogo na petroli kidogo mno. Kwa hiyo tundu dogo lipitishalo hewa ya wizi, ambalo katika mwendo wa kasi halitambulikani, huwa kubwa kabisa wakati huo. Sailensi mbaya, basi, ni shahidi. Anayeongeza mwendo wa injini ili mtetemo upotee hakutibu chochote, amemnyamazisha shahidi.

Fundi mwangalifu hufuata utaratibu. Huiacha injini ipate moto na kurudisha choki. Kisha, kwa koleo yenye mpini wa mpira, huchomoa waya za plagi moja baada ya moja. Waya ikichomolewa na injini isibadilike, silinda hiyo ndiyo isiyofanya kazi. Hutazama plagi zenyewe: rangi ya udongo ni afya, masizi makavu yaonyesha petroli imezidi, weupe waonyesha hewa imezidi, na uoto wa oili ni dalili ya ringi au valvu zilizochakaa. Hupima platini, ambayo katika Land Rover za petroli za lita 2.25 nafasi yake ni milimita 0.35 hadi 0.40, na tapeti zake milimita 0.25. Platini iliyoungua au kondensa iliyochoka imewafanya wengi kununua kabureta wasiyoihitaji.

Baada ya moto hutafutwa hewa ya wizi. Matone ya maji hudondoshwa kwenye maungio ya menifoldi na chini ya kabureta. Mlio wa injini ukibadilika, hapo ndipo penye ufa. Asitumie petroli kwa kazi hiyo, maana menifoldi yenye moto inaweza kuiwasha.

Kabureta hufunguliwa mwisho. Jeti zake hupulizwa kwa pampu, wala hazichokolewi kwa waya, kwa sababu waya hupanua tundu lake. Kabla ya kugusa skurubu yoyote, mizunguko yake huhesabiwa ili iweze kurudishwa ilipokuwa. Nasi wa Singida tukumbuke jambo moja zaidi: mji wetu uko yapata mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja ya saba. Gari lililorekebishwa pwani huweza kutoa moshi mweusi huku kwetu bila kuharibika kitu. Na vumbi la nchi hii kavu huziba filta ya hewa, likaongeza dosari hiyo hiyo.

Sasa turudi kwenye Land Rover yetu. Fundi mmoja mzee hakushika bisibisi. Aliubana kwa koleo mpira utokao kwenye menifoldi kwenda kwenye busta ya breki, na mara injini ikatulia. Mpira ulikuwa na ufa. Dereva alikuwa amelalamika kwamba pedali ya breki imekuwa ngumu, nasi tukadhani ni uchakavu wa viatu vya breki. Busta hutumia mvuto wa hewa wa injini kuongeza nguvu ya mguu wa dereva. Mpira ukipasuka, injini hutetemeka na breki hudhoofika pamoja. Ni ugonjwa mmoja wenye dalili mbili.

Kila aliyeshuka mlima Sekenke na gari lililojaa mizigo ataelewa maana yake. Dereva akanyagapo klachi abadili gia, injini isiyo na sailensi huzimika; akikanyaga breki mara mbili tatu, msaada wa busta nao umekwisha. Majuma matatu tulilipa ili hatari hiyo ifichwe.

Kipimo chake hakigharimu hata senti moja. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara kadhaa, ushikilie pedali, kisha washa. Pedali ikishuka kidogo chini ya mguu, busta inafanya kazi. Isiposhuka, gari lisiondoke.

Ndugu madereva na mafundi, bisibisi si chombo cha kwanza cha kazi hii. Cha kwanza ni sikio, cha pili ni utaratibu. Nawe mwenye gari, kabla hujalipa, mwulize fundi wako swali moja tu: umejuaje?