Qafu, Kafu na Fimbo

Jumamosi moja nilipita karibu na madrasa fulani hapa Eldoret, nikasikia sauti ya mtoto akisoma Kurani, kisha ikakatizwa ghafla na mlio wa fimbo. Kosa lake, nilivyoelezwa baadaye, lilikuwa kutamka kafu mahali pa qafu. Maalim alikuwa na hoja. Kwa Kiarabu, qalbu ni moyo na kalbu ni mbwa. Wanazuoni wa tajwidi hulihesabu kosa hilo kuwa lahani ya wazi, tofauti na lahani iliyofichika, ambayo hutambuliwa na mabingwa peke yao. Hayo siyapingi. Ninachopinga ni dhana kwamba mtoto yule alikuwa mkaidi.

Mtoto mwenyewe ni Mnandi. Lugha ya mama yake ina konsonanti 13, ilhali herufi za Kiarabu ni 28. Qafu haimo, wala z, f, h na dh. Jirani yake mkekani ni Msomali. Huyu hutamka qafu na aini bila taabu kwani zimo katika lugha yake, naye husifiwa kwa bidii! Lakini Kisomali nacho hakina z, na ndiyo maana zaka huitwa sako. Sifa na fimbo zimegawanywa hapo kwa kufuata lugha ya nyumbani, si juhudi ya mtoto.

Nasi Waswahili tusijitape. Dhali, dhadi na dha, herufi tatu mbalimbali, tumezimimina zote katika dh moja: dhahabu, dhaifu, adhuhuri. Qafu ya kalamu na kafu ya kitabu zimekuwa kitu kimoja vinywani mwetu.

La kusikitisha ni kwamba dawa imo ndani ya tajwidi yenyewe. Sibawayhi, aliyefariki mwishoni mwa karne ya 8, alieleza makharaji 16 ya herufi, yaani mahali pa kutamkia, kuanzia kooni hadi midomoni. Ibn al-Jazari, aliyefariki mwaka 1429, akafuata hesabu ya 17. Huo ni uchunguzi wa sauti ambao sisi wanaisimu tunauonea fahari hadi leo. Tena Sibawayhi alikuwa Mwajemi kwa asili! Hata kanuni ya iqlabu, ambapo nuni yenye sukuni hugeuka mimu mbele ya ba, si ngeni kwa mwanafunzi aliyefundishwa kwa nini wingi wa ubao ni mbao. Mwalimu wa Kiswahili na maalim wa madrasa wangeketi pamoja, wangegundua kwamba wanasomesha jambo moja.

Isitoshe, Bukhari na Muslim wamepokea hadithi kwamba anayeisoma Kurani kwa kutatizika ana ujira mara mbili. Sijui fimbo imeingilia wapi.

Nilimwomba maalim ruhusa, naye, kwa uungwana, akanipa. Nikamwambia mtoto atamke k, kisha alirudishe shina la ulimi nyuma zaidi, hadi kwenye kimio, kile kinyama kinachoning'inia karibu na koo. Mara ya kwanza alikohoa, wenzake wakacheka. Mara ya sita au ya saba qafu ikatoka, nzito na safi, na maalim akaitikia, "Mashallah!" Aini bado inamsumbua.