Kamera za mitaani: Ni mlinzi wetu au mdaku?

JE, msomaji, umewahi kusimama kando ya barabara ukafuta machozi, ukijiliwaza kwamba pale ulipo hakuna anayekujua? Pengine siku hiyo ulikuwa umetoka hospitalini na habari mbaya, au umeachishwa kazi, au mmekosana nyumbani. Wapita njia walikutupia jicho, wakashika njia yao, na kufikia jioni walikuwa wamekwisha kusahau. Lakini kamera iliyotundikwa juu ya mlingoti haisahau. Huiweka picha yako, na mwenye kamera ndiye huamua itakwenda wapi.

Hilo ndilo lililompata mwanamume mmoja wa mji wa Brentwood, katika jimbo la Essex, Uingereza. Kisa chake kiliwafunza wengi kwamba kuonekana barabarani ni jambo moja, na kutangazwa kwa mamilioni ya watu ni jambo jingine kabisa.

Usiku wa Brentwood

Ilikuwa karibu saa tano na nusu usiku, Agosti 20, 1995. Mwanamume huyo, akiwa amekata tamaa ya maisha, alitembea katika barabara kuu ya mji akiwa na kisu mkononi. Hakuwa na nia ya kumdhuru mtu mwingine. Alitaka kujitoa uhai. Mfanyakazi wa baraza la mji aliyekuwa akitazama kamera alimwona, akawaarifu polisi, nao wakafika, wakamnyang'anya kisu na kumpeleka kwa daktari. Hakushtakiwa kwa kosa lolote.

Hadi hapo kamera ilikuwa imefanya kazi njema. Iliokoa maisha ya mtu.

Balaa ilianza Oktoba mwaka uo huo. Baraza hilo, likitaka kuwaonyesha wakazi jinsi kamera zake zilivyo na manufaa, lilitoa picha za usiku ule kwa vyombo vya habari. Gazeti moja la mji lilizichapisha katika ukurasa wa kwanza. Kituo cha televisheni cha eneo hilo kikafuata, na Machi 1996 shirika la BBC likazionyesha katika kipindi cha uhalifu kilichokuwa na watazamaji wapatao milioni 9. Uso wa mwanamume huyo haukufichwa inavyostahili, na katika matangazo mafupi ya kukitangulia kipindi hicho haukufichwa kabisa.

Yeye mwenyewe hakujua hata kwamba alikuwa amepigwa picha. Habari zilimfikia kupitia kwa jirani aliyemwona kwenye televisheni. Jamaa, marafiki na wafanyakazi wenzake walimtambua. Siku aliyokuwa mnyonge kuliko siku zote za maisha yake ikawa gumzo la watu, tena katika kipindi cha wahalifu ilhali hakuwa mhalifu.

Alikwenda kortini. Mwaka 1997 Mahakama Kuu ya Uingereza ilimwonea huruma, lakini ikasema baraza halikuvunja sheria, kwani sheria ya nchi hiyo wakati huo haikuwa na haki ya jumla ya faragha. Mwanamume huyo hakukata tamaa. Alipeleka malalamiko yake hadi Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya mjini Strasbourg, na Januari 28, 2003 akashinda. Majaji waliamuru alipwe fidia ya Euro 11,800.

Majaji hao hawakusema kwamba kamera ni haramu. Walisema kwamba mtu aliye barabarani hutarajia kuonwa na wapita njia, wala hatarajii kutangazwa nchi nzima. Walisema pia kwamba baraza lingeweza kumtafuta na kumwomba ruhusa, au kuuficha uso wake lenyewe, au kuhakikisha kwamba vyombo vya habari vingeuficha. Halikufanya hata moja kati ya hayo kwa njia ya kuridhisha.

Zilivyoingia mijini

Huko Uingereza, mabaraza ya miji yalianza kuweka kamera barabarani polepole. Mji wa Bournemouth, ulio pwani, ulikuwa miongoni mwa ya kwanza, mwaka 1985. Kilichogeuza mambo ni mkasa wa Februari 1993, mtoto James Bulger wa miaka miwili alipotekwa katika jumba la maduka mjini Bootle na baadaye kuuawa. Picha hafifu za kamera zilizomwonyesha akiongozwa kwa mkono ziliwatoa watu machozi. Serikali ikamwaga fedha, na kila mji ukataka kamera zake.

Ni vigumu kumlaumu mzazi aliyeziunga mkono. Lakini wataalamu Brandon Welsh na David Farrington, ambao wamechunguza kwa miaka mingi matokeo ya kamera hizo, waligundua kwamba zilisaidia zaidi katika maegesho ya magari, ambako ziliambatana na kupungua kwa wizi. Katikati ya miji, manufaa yake yalikuwa madogo. Kwa hivyo kabla ya kusema kamera ni dawa, yafaa tuulize inatibu ugonjwa gani.

Nani yuko chumbani?

Wahenga walinena kwamba aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mwosha huaminiwa kwa sababu huona na kunyamaza. Je, anayekaa katika chumba cha kamera naye hunyamaza?

Mwezi Januari 2006, korti mjini Liverpool iliwafunga jela wafanyakazi wa kamera wa baraza la Sefton baada ya kupatikana kwamba waliielekeza kamera ya barabarani katika nyumba ya mwanamke mmoja, wakamtazama akiwa chumbani mwake bila nguo. Kamera iliyonunuliwa kwa kodi ya wananchi ili kuwalinda ikageuzwa tundu la kuchungulia.

Wakati mwingine kosa si la mfanyakazi mmoja bali la wakubwa. Mjini Birmingham, mwaka 2010, wakazi wa mitaa yenye Waislamu wengi waligundua kwamba mitaa yao ilikuwa imezungushiwa kamera zaidi ya 200, nyingine zikiwa zimefichwa. Waliambiwa ni za kupambana na uhalifu wa kawaida, kumbe fedha zake zilitoka katika mfuko wa kukabiliana na ugaidi. Wakazi walipaza sauti, polisi wakaomba radhi, na mwaka 2011 kamera hizo zikang'olewa.

Baada ya vilio kama hivyo, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mwaka 2012, na mwaka uliofuata zikatolewa kanuni 12 za kuongoza mabaraza na polisi. Kwa ufupi, kanuni hizo zilitaka kila kamera iwe na sababu inayojulikana, umma uarifiwe, picha zisiwekwe kupita muda unaohitajika, na si kila mtu aruhusiwe kuzitazama.

Na sisi je?

Mambo haya si ya ng'ambo pekee. Mwaka 2014 serikali yetu ilitia saini mkataba na kampuni ya Safaricom wa kuwapa polisi mtambo wa mawasiliano, pamoja na kamera 1,800 za Nairobi na Mombasa.

Bahati nzuri tuna ngao. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kujua habari zako zinatumiwa kwa ajili gani, kuomba uonyeshwe, na kupinga zikitumiwa isivyofaa. Ipo pia afisi ya Kamishna wa Kulinda Data, na meno yake yameonekana: Septemba 2023 shule moja ilitozwa faini ya Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na kilabu kimoja cha starehe Sh1,850,000 kwa kutumia picha ya mteja bila ruhusa yake.

Hata hivyo, sheria hiyo hulegeza kamba panapotajwa usalama wa taifa. Ndiyo maana mwananchi hapaswi kulala.

Uliza haya

Kaunti yenu, au hata kamati ya mtaa wenu, ikitangaza kwamba italeta kamera, hudhuria mkutano na uulize:

• Kamera hizi ni za kuzuia jambo gani hasa? Je, taa za barabarani hazingetosha?

• Kutakuwa na bango la kuwaarifu wapita njia, lenye jina la mwenye kamera na njia ya kumfikia?

• Je, zinaweza kutazama ndani ya madirisha ya nyumba, au zimezuiwa?

• Ni akina nani watakaoingia katika chumba cha kamera, na nani atakayewakagua?

• Picha zitawekwa siku ngapi kabla ya kufutwa?

• Picha ikiombwa na gazeti, na televisheni au na mtu wa mtandao, nani mwenye kibali cha kuitoa, na nyuso zitafichwa vipi?

Nanyi wanafunzi, msidhani mzigo huu ni wa serikali peke yake. Kila mwenye simu siku hizi ana kamera mfukoni. Ukimwona mtu ameanguka barabarani au analia kituoni, msaidie au umwite wa kumsaidia. Usimrekodi ukamtuma kwa marafiki.

Wanaosema kwamba asiye na hatia hana la kuogopa wamkumbuke mwanamume wa Brentwood. Hakuwa na hatia, na bado alikuwa na cha kupoteza. Usipoziba ufa utajenga ukuta: maswali haya ni rahisi kuulizwa kabla mlingoti haujasimamishwa kuliko baada ya picha yako kuenea.