Burundi: Nilitumwa Kuandika Nchi, Nikarudi na Viboko

Burundi ina eneo la kilomita za mraba 27,834. Ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962, ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2025 ikaipunguza mikoa yake 18 hadi kubaki 5. Wakazi wamepita milioni 12. Tarakimu hizi nilizinakili nikiwa bado garini, maana nilitakiwa kueleza nchi nzima: ardhi, watu, uchumi, utamaduni. Nitajitahidi. Ila msomaji ajue mapema kwamba kuanzia ukurasa wa nne daftari langu limejaa viboko, na huko mbele hesabu ni chache.

Niliingia kwa njia ya maskini: basi hadi Ngara, kisha mpaka wa Kabanga na Kobero. Ukivuka, gari linahamia upande wa kulia wa barabara na saa inarudi nyuma saa moja nzima. Mji wa kwanza mkubwa ni Muyinga. Waislamu ni wengi pale, na Kiswahili kinasikika sokoni na misikitini, kwa hiyo sikulala njaa wala sikupotea. Chakula ni maharage, ndizi, mishikaki na ugali wa muhogo. Kuhusu Muyinga sina zaidi ya hayo.

Safari yenyewe ilianzia darajani. Kati ya Muyinga na Gitega, mbele ya Karuzi, unavuka mto Ruvubu. Abiria jirani yangu, mama mwenye kikapu cha parachichi, alinionyesha maji kwa kidevu akasema, "Imvubu." Nikadhani anataja mto. Akacheka, akapanua mikono kadiri alivyoweza, akafungua kinywa. Kumbe imvubu ni kiboko, na mto umelibeba jina lake. Nilikodoa macho nisione kitu, gari likapita. Lakini jambo lilikwisha kuniingia.

Nieleze kwa nini. Mimi ni mzaliwa wa Morogoro. Mikumi haiko mbali na kwetu, na bwawa la viboko lipo pale karibu na lango, lakini nilifikisha miaka arobaini na mbili bila kumwona kiboko hata mmoja. Kiboko nilichokijua ni kile cha mwalimu wa hesabu. Lugha yetu imemchukua mnyama ikamfanya fimbo, kisha ikamfanya sifa, tunasema fulani ni kiboko, na mwenye jina hatumjui. Kiingilio cha mwananchi pale Mikumi si kikubwa. Kinachotumaliza ni gari la kukodi, pamoja na ile imani kwamba kutazama wanyama ni kazi ya Wazungu.

Gitega ndio makao makuu ya kisiasa tangu mwaka 2019. Bujumbura imebaki na biashara. Gitega ni mji mtulivu, wa baridi kidogo. Niliingia Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa mwaka 1955, na kesho yake nikaenda Gishora, kilomita chache kutoka mjini, kutazama ngoma za kifalme ambazo UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2014. Kwa Kirundi neno ingoma ni ngoma na ni ufalme pia. Wapigaji wanaruka kana kwamba ardhi ina moto. Ningeandika mengi hapa, lakini siku hiyo ilikuwa Ijumaa, na niliambiwa nikichelewa kuondoka nitakwama: Jumamosi asubuhi nchi nzima hufanya kazi za jamii na magari husimama. Kwetu tungetunga wimbo wa kampeni ya usafi, tungeshona fulana, na taka zingebaki pale pale.

Nikateremka Bujumbura. Mafuta yamekuwa adimu miaka hii ya karibuni, hivyo nauli hupatana na bahati yako. Njiani vijana wa baiskeli wananing'inia nyuma ya malori ili wavutwe kupanda mlima. Usiwatazame sana kama una moyo mwepesi.

Halafu ziwa. Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi na kina kinachofikia mita 1,470, na Burundi imepata kipande kidogo tu cha juu. Tangu mwaka 2020 maji yamepanda mara kwa mara, yakazamisha nyumba za Gatumba na za mtaa wa Kibenga. Mpaka kati ya nyumba za watu na makazi ya viboko umefutika.

Nilikaa ufukweni saa kumi na moja jioni na soda moja, na hiyo soda ndiyo iliyokuwa kiingilio changu. Kwanza niliona mawe. Kisha mawe yakatikisa masikio. Nikahesabu saba, wakazama, nikahesabu tisa, nikaacha kuhesabu. Kiboko haogelei kama tunavyodhani; anatembea chini kwenye sakafu ya ziwa, na kila baada ya dakika chache anakuja juu kupumua, hata akiwa usingizini. Ngozi yake hutoa majimaji mekundu yanayomkinga na jua. Anapopiga miayo hana usingizi, anakuonyesha silaha.

Giza lilipoingia walitoka. Kiboko hula majani usiku, kiasi cha kilo 40 hivi, na yuko tayari kutembea mbali kuyafuata. Mmoja alipita kati ya ukuta na gari lililoegeshwa, taratibu, kama mzee anayekwenda msikitini. Mlinzi alizima tochi yake. "Mzee, kaa hapo hapo," aliniambia. "Hana shida na wewe, ana shida na njia yake." Nilimsikia mnyama aking'oa nyasi kwa midomo, sauti kama nguo nzito inayochanwa. Tulisimama hivyo nusu saa.

Sisemi ni mchezo. Viboko wameua watu kandokando ya ziwa hili, na wakulima wa bonde la Rusizi hupoteza mpunga kwa usiku mmoja. Lakini sifa ya kutisha ameichukua mamba wa Rusizi, yule aliyeitwa Gustave na Mfaransa Patrice Faye, aliyeukwepa mtego wa chuma hadi Wamarekani wakamtengenezea filamu mwaka 2007.

Kusini zaidi kuna Mugere, penye jiwe la kumbukumbu la Livingstone na Stanley, waliofika hapo Novemba 1871. Rumonge, penye mawese. Na Nyanza-Lac, ambako mgebuka wa Kigoma anaitwa mukeke na anachomwa mzima. Nimepita kote huko. Uchumi: kahawa na chai.

Kurudi nyumbani ni rahisi: kutoka Nyanza-Lac panda gari hadi Mugina, vuka Manyovu, uko Kigoma. Ukienda, fika ufukweni kabla ya saa kumi na mbili jioni, kaa palipoinuka, na usisimame kamwe kati ya kiboko na maji.