Upole wa Mbwa Si Cheti cha Chanjo

Swali lenyewe nimeulizwa Njombe mjini, nikaulizwa Ludewa, sasa limenifuata hadi Lupingu, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Wazazi wameona kwenye simu mbwa wa Ulaya wamejilaza darasani huku watoto wakiwasomea hadithi, nao wanataka kujua kwa nini halmashauri isitenge fungu nasi tuwe na mbwa wa kuliwaza watoto shuleni. Kabla sijajibu, mtu huongeza: "Na mbwa tunao, daktari. Wapole, hawana kichaa."

Habari ya fedha ni fupi. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, ruzuku ya mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka, na sehemu yake haifiki shuleni kwa sababu hutengwa kwa ajili ya vitabu. Kinachofika ndicho chaki, ndicho karatasi za mitihani, ndicho kufuli la ofisi. Sijaona mwalimu mkuu atakayekata humo posho ya mbwa. Hata Marekani, ambako mwanasaikolojia Boris Levinson aliandika katika miaka ya 1960 jinsi mtoto mgumu kuzungumza alivyofunguka mbele ya mbwa wake Jingles, kazi hii hufanywa sana na watu wa kujitolea na mbwa wao wenyewe. Mbwa wa kazi hiyo amechaguliwa kwa tabia, amefundishwa, amepimwa, amechanjwa, na pembeni yake yupo mtu mzima anayejua kumsoma mbwa na kumsoma mtoto. Ukiyaondoa hayo yote, umebaki na mbwa tu darasani.

Sasa hilo neno "wapole, hawana kichaa". Hapa ndipo uvumilivu wangu huniishia.

Kirusi cha kichaa cha mbwa kikiingia kwenye jeraha hufuata mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo, kisha hushuka kwenye tezi za mate. Mate huanza kukibeba siku kadhaa kabla mbwa hajaonyesha dalili yoyote. Ndiyo sababu mbwa aliyeng'ata mtu huwekwa chini ya uangalizi kwa siku 10: kama siku ile mate yake yalikuwa na kirusi, basi ndani ya siku hizo ataugua au atakufa. Maana yake ni kwamba yupo mbwa anayekula vizuri, anayetingisha mkia na kuitika jina lake, na mate yake tayari yanaua. Upole wake haukukuambia lolote.

Kuna baya zaidi. Ugonjwa unapoanza, tabia hugeuka, na si lazima igeukie ukali. Mbwa mkali anaweza kuwa mpole ghafla na kuwasogelea watu asiowajua. Mwingine hujificha chini ya kitanda. Halafu kuna kichaa cha kimya, ambacho hakina purukushani wala kukimbizana barabarani: taya hulegea, udenda hutiririka, sauti hubadilika, mbwa anashindwa kumeza. Mwenye mbwa huhisi kwamba mfupa umemkwama, naye kwa huruma anaingiza mkono kinywani kuutoa. Mkono huo ndio unaonikosesha usingizi kuliko mbwa anayebweka na kukimbizwa na kijiji kizima, maana yule wa pili kila mtu anamkwepa.

Na watoto wa mbwa? Nao huugua. "Bado mdogo" si kinga.

Turudi darasani. Kazi ya mbwa wa faraja ni kushikwa na kulamba. Watoto wa shule wana vidonda magotini na michubuko mikononi, na mate ya mbwa mgonjwa yakigusa kidonda yanatosha. Si lazima meno. Dalili kwa binadamu huchelewa, kwa kawaida miezi miwili au mitatu, kwa hiyo hakuna atakayekumbuka alilambwa lini. Zikishaanza, dawa haipo. Duniani, takriban asilimia 40 ya wanaokufa kwa ugonjwa huu ni watoto walio chini ya miaka 15. Halafu niidhinishe fedha za umma zimlete mbwa asiyechanjwa katikati yao kwa sababu ana macho ya huruma?

Kama fungu lipo, lianzie kwenye chanjo ya mbwa. Ichanjwe angalau asilimia 70 ya mbwa, kila mwaka, kwa kuwa mbwa hufa na kuzaliwa haraka. Pemba wamethibitisha: ugonjwa ulitoweka 2014, ukaingizwa tena 2016, ukakatwa tena 2018 kwa chanjo ya kurudia. Joto la ziwani lisiwe kisingizio. Mkoani Mara watafiti wamehifadhi chanjo ya mbwa kwenye vyombo vya udongo vinavyopoozwa kwa maji, na sidhani kama kuna anayehitaji kuwafundisha Wakisi, wafinyanzi wa huku ziwani, kufinyanga chungu.

Mengine, upesi. Mbwa aletwe kwenye chanjo na mtu mzima, amefungwa kamba, na kadi itunzwe. Mtoto aking'atwa, akikwaruzwa au akilambwa kidondani: osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, bila pilipili, mafuta ya taa wala jiwe la mganga, kisha mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Piga simu kwanza uulize kama chanjo ipo. Kama haipo, panda Ludewa usisubiri kesho, na sindano zote zimalizwe kwa tarehe alizopangiwa. Mbwa asiuawe akatupwa. Mfungeni, mwiteni afisa mifugo wa kata. Mtoto mwenye hofu au msiba apelekwe kwa mwalimu wa malezi na unasihi, na kama shule haina, diwani aulizwe hilo kabla ya kuulizwa mbwa. Wanaotaka mnyama shuleni wafuge sungura au kuku, kama shule zilivyofuga enzi za Elimu ya Kujitegemea: banda hujengwa kwa mianzi, mabaki ya mboga yapo, na zamu ya kulisha mtoto huipenda mwenyewe. Mikono inawe baada ya kila zamu.