Kompyuta Haijaharibika, Mbona Inastaafishwa?

Saiba ninayoshinda hapa Nyansiongo ina kompyuta sita, zote mtumba. Nne ni za kitambo kweli. Zinanguruma kama mashine ya kusaga mahindi, lakini kazi zinafanya: watu wanachapisha barua za kuomba kazi, wanafunzi wanaomba HELB, wakulima wa chai wanaingia iTax. Zinatumia Linux ya biti 32, kwa sababu ni ya bure na haitaki makuu.

Juzi nikamwambia mwenye saiba kwamba Linux mpya zinaanza kuacha mashine za aina hiyo. Akanitazama weee.

"Omomura, kwani imeharibika wapi?"

Nikakosa jibu, maana haijaharibika popote. Na hilo swali lake ndilo limewakosanisha watengenezaji wa programu huria miaka na mikaka.

Chukua Juni 2019. Ubuntu ilitangaza kwamba toleo lake lijalo halitakuwa tena na vifurushi vya biti 32. Kelele zikazuka. Valve, wenye Steam, wakaonya kwamba hawataliunga mkono toleo hilo, kwa sababu gemu nyingi za zamani zinahitaji vifurushi hivyo. Wiki haikuisha kabla ya Canonical, kampuni ya Ubuntu, kulegeza kamba na kukubali kubakisha baadhi yake.

Debian nao walienda polepole, lakini wakafika. Toleo la 13, lililotoka Agosti 9, 2025, haliji na kisakinishi wala kiini cha Linux cha kompyuta za biti 32. Ushauri wao ni wazi: kama prosesa inakubali biti 64, weka mfumo upya. Kama haikubali, mashine ipumzike.

Ni rahisi kuwaita watu hawa wabaya. Lakini hebu jiweke kwenye viatu vyao. Wengi wanajitolea, hawalipwi. Kila kifaa cha zamani kinachobaki lazima mtu akipime, azibe mianya ya wadukuzi, ajibu malalamiko. Sisi tunaolalamika, mimi nikiwemo, wengi hatujawahi kurekebisha hata mstari mmoja. Hata Linus Torvalds, aliyeanza kuandika Linux mwaka 1991 kwenye kompyuta ya prosesa 386, alikubali prosesa hiyo iondolewe Desemba 2012.

Upande wa pili pia una haki. Anayeamua akiwa na laptopu mpya haoni bili ya mtu wa Borabu. Kwake ni mistari michache ya kufuta. Kwa mwenye saiba ni karo ya muhula.

Kuna njia ya katikati, na tunaijua hapa nyumbani. OpenMRS, programu huria ya rekodi za wagonjwa ambayo mizizi yake iko Eldoret tangu 2004, ilipofika toleo la 2.0 iliondoa kurasa za zamani kwenye kiini chake. Lakini haikuzitupa. Ziliwekwa kando kama moduli, anayezihitaji azisakinishe mwenyewe. Kufunga mlango ni sawa, bora umwonyeshe mtu dirisha.

Basi nikarudi saiba na kuandika amri moja, lscpu, kwenye kila mashine. Kumbe mbili kati ya zile nne zina prosesa ya biti 64! Aliyeziuza aliziwekea tu mfumo wa biti 32. Hizo nimeziwekea mfumo mpya. Mbili zilizobaki tumezitoa kwenye intaneti, sasa ni za kuchapa na kuprinti tu. Mambo ya KRA na nywila za watu hayagusi hapo tena.

Mzee bado hajaridhika. "Hizo mbili zikikataa kabisa, utaninunulia zingine?"

Nikacheka, lakini yeye hakucheka.

Nawe ukienda kununua mtumba, usiulize bei kwanza. Uliza kama prosesa ni ya biti 64, kisha andika lscpu uone mwenyewe.