Majina ya Maua Chotara na Kuandikishwa Kwake

Mwenye kuuza miche ya maua huuza vitu viwili pamoja: mche wenyewe na jina lake. Mara nyingi mche huuzwa kabla haujachanua, basi mnunuzi hulipa kwa kuliamini jina. Jina likiwa si la kweli, hatajua mpaka ua lifunguke, na akijua hatarudi.

Mfano ulio wazi ni Saintpaulia, ua ambalo asili yake ni milima ya Tanzania na Kenya. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire alilipata Usambara, likapelekwa Ujerumani, na mwaka 1893 Hermann Wendland akalipa jina hilo. Katika miaka ya 1920 wakuza maua wa California walichagua miche kumi iliyo bora, wakaiita 'Blue Boy', 'Neptune' na majina mengine. Tangu hapo miche chotara imezidi kuwa maelfu. Kila mtu angejichagulia jina apendavyo, maua mawili yangeitwa jina moja, au ua moja lingeuzwa kwa majina matatu. Kwa sababu hiyo liko daftari moja la dunia nzima, nalo hutunzwa na African Violet Society of America, chama kilichoanzishwa mwaka 1946.

Jina la namna hii hudumu. Mwaka 2015 wataalamu waliihamisha Saintpaulia katika jamii ya Streptocarpus, lakini 'Blue Boy' ilibaki 'Blue Boy'.

Mkulima na ayashike haya:

1. Usioteshe mbegu za chotara ukauza miche yake kwa jina la mama. Watoto wa mbegu hawafanani naye. Otesha kwa jani.

2. Maua yenye mistari iliyotoka katikati kama vijiti vya gurudumu hayafuati asili yake kwa jani. Tumia machipukizi ya ubavuni.

3. Ukipata ua jipya, lioteshe vizazi vitatu mfululizo. Lisipobadilika, ndipo ulitafutie jina.

4. Tazama daftarini kwanza, jina lisiwe limekwisha kutumiwa. Tangu mwaka 1959 jina jipya haliwi la Kilatini. La Kiswahili lafaa. Andika pia wazazi wa mche, rangi na umbo la ua, namna ya jani, na ukubwa wa mche.

5. Tia kibandiko siku ile ile unayopanda jani. Kibandiko kikipotea, uza mche bila jina, usikisie.

6. Mche ukigeuka rangi, usiuuze tena kwa jina la kwanza.

Ifahamike kwamba kuandikisha jina si kuumiliki mche. Haki ya mwenye kuzalisha aina mpya huombwa mbali, kwa sheria ya nchi, na Kenya na Tanzania zote zina sheria hiyo. Daftari kazi yake ni moja: mtu aagizaye ua kwa jina, alipate ua lile lile.