Kiwanuka wa Mstari wa Mbele: Misimu Tisa na Timu Moja



Jiwe la chokaa la vilima vya Osukuru limelisha kiwanda cha saruji cha Tororo kwa miaka mingi. Anayenunua mfuko wa saruji hulijua jina la kiwanda. Aliyevunja jiwe hamjui.

Katika mpira wa Kimarekani pia wapo wavunja mawe. Kila upande huwa na watu 11. Wale wa mstari wa mbele hugongana kifua kwa kifua kila mpira unapoanzishwa, na mara nyingi mechi huisha bila wengi wao kuugusa mpira. Mmoja wao alikuwa na jina la kwetu Uganda: Mathias Kiwanuka.

Alizaliwa Indianapolis, Marekani, mwaka 1983. Babu yake ni Benedicto Kiwanuka, Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda, ambaye akiwa Jaji Mkuu alikamatwa na watu wa Idi Amin katika Mahakama Kuu, Septemba 1972, akauawa.

Mwaka 2006 Mathias aliingia New York Giants. Msimu huohuo alikosea mbele ya watu wote. Timu yake iliongoza 21 kwa 0 dhidi ya Tennessee. Alikwisha mshika mrusha mpira wao, akamwachia akidhani mpira umekwisha rushwa na kwamba angeadhibiwa. Tennessee wakashinda 24 kwa 21. Hakujificha, na timu haikumfukuza.

Mwaka 2007 alihamishwa nafasi, akakubali. Novemba akavunjika mguu. Februari 2008 wenzake walitwaa ubingwa kwa kuwafunga New England 17 kwa 14, yeye hachezi. Mwaka 2008 mwenzake alipoumia, alirudishwa mstari wa mbele, akaenda. Mwaka 2010 akaumia shingo.

Hapo ndugu zangu tusikilize vizuri. Machi 2011 wenye timu waliwafungia wachezaji milango, kwa sababu ya ugomvi wa mgawanyo wa mapato. Hakuna mazoezi, hakuna kambi. Wachezaji, matajiri na wa mshahara wa chini, walisimama pamoja mpaka Julai. Mapatano mapya yalifuta mazoezi mawili ya kugongana kwa siku moja, na kuweka kikomo cha mazoezi ya kugongana msimu mzima. Kwa mtu mwenye shingo mbovu, hilo si jambo dogo.

Milango ilipofunguliwa, Kiwanuka aliweka sahihi tena na Giants. Februari 2012 fainali ilichezwa Indianapolis, mji aliozaliwa. Safari hii alikuwa uwanjani, na Giants wakawashinda New England 21 kwa 17.

Machi 2015, baada ya misimu tisa, timu ilimwachisha kazi. Hakuwahi kuchezea timu nyingine katika ligi ile.

Tunajifunza nini? Uaminifu kazini ni heshima ya mfanyakazi mwenyewe, lakini haumlindi mgongo wala shingo. Mwajiri akishaona nguvu zimepungua, hupiga hesabu yake. Kinachobaki ni yale mliyoandikiana wakati mikono ingali na nguvu: saa za kazi, vifaa vya kinga, fidia ya ajali. Hayo hayapatikani kwa mtu mmoja, hata awe mwaminifu namna gani.

Fanya kazi yako vizuri, ndugu. Na siku ya mkutano wa tawi, njoo.